Afya na Maisha Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kuipima Nchi Kabla ya Kuhamia

Mtu akiwa na nia ya kuhama, swali la kwanza analouliza kuhusu afya huwa ni: hospitali za kule zikoje? Swali hilo lina haki yake, ila halimfikishi mbali. Hospitali inaweza kuwa na kila mtambo na wewe ukakosa mlango wa kuingilia. Jiulize hivi badala yake: mimi, kwa kibali nitakachopewa, nikiugua mwezi wa pili tangu nifike, nani atanitibu, nani atalipa, na familia itakula nini wakati nimelala kitandani?

Mwongozo huu unafuata swali hilo hatua kwa hatua. Hatua nyingine zitakuchukua jioni moja, nyingine wiki kadhaa za kuandika barua pepe na kungoja majibu. Usiziruke. Wengi wanaoumia ugenini wamehamia nchi zenye tiba nzuri tu, ila hawakujua haki yao inaanza lini na inaishia wapi.

Hatua ya 1: Anzeni na miili yenu

Kabla hujafungua tovuti yoyote, chukua karatasi uandike jina la kila atakayehama. Mbele ya kila jina andika magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia kwa jina lake la kitabibu (si la kibiashara, maana hilo hubadilika mpakani), kipimo chake, upasuaji aliowahi kufanyiwa, mzio, miwani, hali ya meno, na mambo mnayoyatarajia: mimba, mtoto anayehitaji msaada wa kujifunza, mzazi mnayetaka kumleta baadaye. Afya ya akili iandikeni pia. Aliyewahi kuugua sonona anahitaji kujua mapema atampata nani wa kuzungumza naye, kwa sababu kuhama kwenyewe ni mzigo.

Meno na miwani yapigie mstari. Mifumo mingi ya umma inayotibu figo na moyo bila malipo makubwa huyaacha nje meno ya watu wazima. Kama kuna jino linalosumbua, lishughulikie kabla ya safari.

Karatasi hii ina kazi nyingine. Baadhi ya nchi hupima afya ya mwombaji kabla ya kutoa kibali. Kanada na Australia zinaweza kumkatalia mtu ambaye matibabu yake yanakadiriwa kuzidi kiwango fulani cha gharama kwa umma, ingawa kuna misamaha, kwa mfano kwa wakimbizi, na kwa Kanada pia kwa wenzi na watoto wanaodhaminiwa na jamaa. Uingereza huwataka waombaji kutoka nchi nyingi wapimwe kifua kikuu kama watakaa zaidi ya miezi 6. Mwenye ugonjwa wa kudumu asifiche. Aulize mapema, na ikibidi amwone mwanasheria wa uhamiaji, kwani ugonjwa uliofichwa ukigundulika huweza kuharibu maombi yote.

Hatua ya 2: Soma kibali chako kabla ya kusoma nchi

Hapa ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Haki ya matibabu hufuata hadhi yako ya kisheria, na ndani ya nchi moja watu wawili wanaoishi mtaa mmoja wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa.

Uingereza inasifiwa kwa tiba isiyolipiwa mlangoni, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini mhamiaji mwenye viza ya muda mrefu hulipa tozo ya afya pamoja na ada ya viza, na huilipa yote mwanzoni. Tangu Februari 2024 tozo hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, na pauni 776 kwa mtoto au mwanafunzi. Watu wazima wawili na watoto wawili, viza ya miaka 3: pauni 3,622 kwa mwaka, mara tatu, ni pauni 10,866 kabla hamjapanda ndege. Anayekwenda kwa viza ya wafanyakazi wa afya na utunzaji wa wasiojiweza husamehewa tozo hiyo, yeye na wategemezi wake. Tofauti ya jina la viza tu, na familia inaokoa akiba ya miaka.

Marekani, wengi waliopata ukaazi wa kudumu husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Katika nchi nyingi za Ghuba bima huja na kazi na kibali huja na kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukipoteza kimoja umepoteza vyote. Ufaransa, mfanyakazi huingia kwenye mfumo tangu anapoanza kazi, asiyefanya kazi husubiri miezi 3 ya ukaazi, na hata asiye na karatasi ana mpango wake wa msaada uitwao AME akishakaa zaidi ya miezi 3 na kipato chake kikiwa kidogo.

Basi andika sentensi moja na uitafutie jibu kwenye tovuti rasmi ya serikali husika: «Mwenye kibali aina hii, na mke au mume wake, na watoto wake, wanapata huduma gani, kuanzia tarehe gani?» Wakala akikujibu kwa mdomo, mwombe akuonyeshe palipoandikwa. Na uliza kuhusu kila mtegemezi peke yake, kwa kuwa mara nyingi mfanyakazi amelindwa na mwenzi wake hakulindwa.

Hatua ya 3: Ziba pengo la miezi ya kwanza

Hata penye mfumo mzuri, kuna kipindi ambacho umeshafika na bado hujaingia. Huko jimbo la British Columbia, Kanada, mkaazi mpya husubiri mwezi aliofikia umalizike, kisha miezi 2 zaidi. Jimbo la Ontario liliondoa kipindi cha namna hiyo mwaka 2020, ingawa nchi ni ileile. Korea Kusini, tangu Julai 2019, mgeni asiye na bima ya kazini kwa kawaida huingizwa kwenye bima ya taifa akishakaa miezi 6.

Pengo hilo hujazwa na bima binafsi ya muda, nayo ununue kabla ya kuondoka. Soma ukurasa wa mambo isiyoyalipia kwanza, halafu ndiyo usome inayoyalipia. Nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwa nao tayari wala mimba. Mjamzito anayehama ndani ya pengo hilo yuko katika hatari ya deni kubwa kuliko msafiri mwingine yeyote, na kama tarehe zinaweza kusogezwa, zisogezwe.

Kuna nchi ambako pengo ni la karatasi tu. Uswisi inakupa miezi 3 kujiandikisha na Uholanzi miezi 4, na bima ikishachukuliwa kwa wakati huhesabiwa tangu siku uliyofika, pamoja na michango yake. Kuchelewa huleta adhabu. Usidhani kuwa kungoja kutakuokolea michango ya miezi hiyo.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwaka mbaya

Watu hulinganisha mchango wa kila mwezi. Mchango unakuonyesha mwaka mwema unagharimu nini. Wewe piga hesabu ya mwaka ambao mtu mmoja amelazwa na mwingine anahudhuria kliniki kila mwezi.

Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni mchango. Ya pili ni kile nitakachokiita kizingiti: kiasi unachojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kutoa chochote. Ya tatu ni sehemu unayoendelea kuchangia baada ya kizingiti, na kikomo chake.

Uswisi inafaa kujifunzia kwa sababu namba zake ziko wazi. Mtu mzima huchagua kizingiti kati ya faranga 300 na 2,500. Akishakivuka, hulipa asilimia 10 ya gharama mpaka afikishe faranga 700. Kwa hiyo mwaka mbaya, aliyechagua kizingiti cha juu atatoa faranga 3,200 juu ya michango yake, na aliyechagua cha chini atatoa 1,000. Kizingiti cha juu kina mchango mdogo, ndiyo maana wageni wengi hukikimbilia. Kijana mzima mwenye akiba anaweza kukichukua bila wasiwasi. Anayemeza dawa kila siku, au asiye na faranga 3,200 benki, asikiguse.

Sasa weka familia. Uswisi kila mtu ana mchango wake, mtoto pia. Ujerumani, bima ya umma hukata asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya mfuko husika, mwajiri akibeba nusu, na mwenzi asiye na kipato pamoja na watoto huingia bila mchango wa ziada. Uholanzi, watoto chini ya miaka 18 hawalipiwi mchango, kizingiti cha mtu mzima ni euro 385, na kumwona daktari wa familia hakuhesabiwi ndani yake. Kijana asiye na familia na mzazi wa watoto wanne wakilinganisha nchi hizi tatu watatoka na majibu tofauti, na wote watakuwa sahihi.

Japani, bima ya taifa hulipa asilimia 70 na mgonjwa wa kawaida 30, lakini kuna kikomo cha mwezi kinachotegemea kipato. Kikomo hicho ndicho kinga halisi, na ndicho cha kuuliza popote uendapo. Marekani nako mipango mingi ya bima ina kikomo cha mwaka, ila hospitali au daktari asiye na mkataba na bima yako anaweza kuwa nje ya hesabu hiyo. Kabla ya kuchagua mpango, tafuta kama hospitali iliyo karibu na utakapoishi imo kwenye orodha.

Hatua ya 5: Siku usiyoweza kwenda kazini

Hatua hii karibu kila mtu huisahau, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko ubora wa hospitali. Mhamiaji hana shamba la kurudi wala kaka wa kulala sebuleni kwake. Mshahara ukikatika, kodi ya nyumba haisubiri.

Ujerumani, mfanyakazi aliyemaliza wiki 4 kazini akiugua hulipwa mshahara wake kamili na mwajiri kwa hadi wiki 6. Baada ya hapo mfuko wa bima humlipa sehemu ya mshahara, hadi wiki 78 kwa ugonjwa uleule ndani ya miaka 3, zile 6 za mwajiri zikihesabiwa humo. Uingereza kuna malipo ya kisheria ya ugonjwa kwa hadi wiki 28, ila ni madogo sana kulinganisha na kodi ya nyumba katika miji mikubwa, kwa hiyo kinachoamua ni kile mwajiri anachoongeza kwenye mkataba. Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kulipa siku za ugonjwa. Sheria ya mwaka 1993 inalinda nafasi ya kazi kwa wiki 12 bila malipo, tena kwa aliyefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Baadhi ya majimbo yana sheria bora zaidi.

Umeona? Unaweza kuwa na bima nzuri ya matibabu, ukatibiwa vizuri, na bado ukatolewa kwenye nyumba. Ukipata barua ya ajira, muulize mwajiri kwa maandishi: nikiugua mwezi mmoja napata nini? Nikiugua miezi 3? Kibali changu kinakuwaje? Mwajiri anayekasirishwa na swali hilo amekujibu tayari.

Likizo ya uzazi ipimwe hapahapa. Sweden hutoa siku 480 za malipo ya wazazi kwa mtoto mmoja, siku 90 kati yake zikiwa za kila mzazi asizoweza kumpa mwenzake. Nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kumpa mfanyakazi angalau wiki 4 za likizo ya mwaka yenye malipo. Haya ni mambo ya afya, hata kama hayaandikwi kwenye ukurasa wa wizara ya afya.

Hatua ya 6: Jua njia ya kumfikia daktari

Katika nchi nyingi huingii hospitali moja kwa moja kumwona bingwa. Unajiandikisha kwa daktari wa familia, naye ndiye hukupa rufaa. Uingereza na Uholanzi ziko hivyo. Mgeni aliyezoea kulipa na kumwona bingwa siku hiyohiyo huona kama amenyimwa huduma, kumbe hakupitia mlango wake. Ukifika, jiandikishe kwa daktari huyo wiki ya kwanza ukiwa mzima. England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, kujiandikisha hakuhitaji kuonyesha hadhi ya uhamiaji, na hata ukikosa hati ya anwani hupaswi kukataliwa kwa sababu hiyo tu.

Foleni ni habari nyingine. Usisome ahadi, soma utekelezaji. England ina lengo kwamba asilimia 92 ya wagonjwa waanze matibabu yaliyopangwa ndani ya wiki 18, na lengo hilo halijafikiwa tangu mwaka 2016. Sweden huahidi kuonana na bingwa ndani ya siku 90 na matibabu ndani ya siku 90 nyingine, ila si kila mkoa hutimiza. Nchi hizi huchapisha takwimu zake kwa aina ya tiba, basi tafuta foleni ya tatizo lenu ninyi. Foleni ya upasuaji wa nyonga haimhusu mwenye mtoto wa pumu.

Lugha nayo ni sehemu ya njia. Uliza kama hospitali hutoa mkalimani bila malipo, na usimtumie mtoto kutafsiri. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kumwambia mama yake kwamba uvimbe ni saratani, na mama hatasema yote mbele yake.

Hatua ya 7: Dawa na karatasi za kubeba

Omba muhtasari wa matibabu wa kila mtu, kadi za chanjo, matokeo ya vipimo vya karibuni, na cheti cha daktari kinachotaja dawa kwa jina la kitabibu. Tafsiri zile muhimu. Beba dawa za kutosha kuvuka pengo la mwanzo, kwenye vifungashio vyake, ndani ya mzigo wa mkononi.

Kisha angalia kama dawa yenyewe inaruhusiwa. Japani hairuhusu dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti. Falme za Kiarabu huhitaji kibali cha mapema kwa dawa kama tramadol na kodeini. Watu wamewekwa kizuizini viwanja vya ndege kwa vidonge vya maumivu.

Wenye kisukari wasome hapa mara mbili. Nchi nyingine hupima sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na kugeuza unazidisha ya kwanza kwa 18: sukari 7 ya Uingereza ni 126 ya Marekani. Insulini pia: nchi nyingi hutumia yenye uniti 100 kwa mililita, nyingine bado zina ya uniti 40. Bomba la sindano la aina moja likitumika kwa insulini ya aina nyingine, dozi inakosewa vibaya. Chukua insulini na bomba kutoka mfumo mmoja, na mwombe mfamasia akuangalizie.

Hatua ya 8: Pima siku ya kawaida

Orodha za kimataifa za furaha na maendeleo zina faida, lakini zinapima wenyeji wote kwa pamoja. Finland imeongoza orodha ya furaha duniani kila mwaka tangu 2018, na Helsinki, mji wake mkuu, katikati ya Desemba ina mwanga wa jua kwa saa chini ya 6. Yote mawili ni kweli. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi nyingi tajiri, lina kipimo cha maisha bora chenye mambo 11, na uzuri wake ni kwamba kinakuachia wewe useme kipi kina uzito. Kitumie kama mazoezi: kila mwanafamilia apange mambo hayo kivyake, halafu mlinganishe. Mara nyingi hapo ndipo mume na mke hugundua kwamba hawahamii kitu kimoja.

Kisha shuka kwenye mambo madogo. Kutoka nyumba mtakayoimudu hadi kazini ni dakika ngapi? Nani atamchukua mtoto shuleni mkiwa zamu? Vyeti vyako vitatambuliwa, au mhandisi ataosha vyombo miaka 3? Hewa ikoje? Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza vumbi laini la PM2.5 lisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na takwimu za miji mingi zinapatikana bure. Mwenye ngozi nyeusi akihamia kaskazini afikirie vitamini D. Mamlaka za afya za Uingereza humshauri afikirie mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima.

Upweke usiudharau. Watafiti wameona katika nchi nyingi kwamba wahamiaji hufika wakiwa na afya nzuri kuliko wenyeji, kisha faida hiyo hupungua miaka inavyokwenda. Kazi nzito, nyumba za kubanana na kuishi bila watu wako vina mkono hapo. Kabla ya kuchagua mji, tafuta watu watatu wanaoishi huko wenye kibali kama chako, na waulize jambo hili: mara ya mwisho ulipougua, nani alikuletea maji ya kunywa?

Hatua ya 9: Siku za kwanza, na kila hali inapobadilika

Ukifika, sajili anwani, chukua namba au kadi ya bima, jiandikishe kwa daktari, na wafundishe watoto namba ya dharura: 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia, 119 kwa gari la wagonjwa Japani. Jifunze pia namba ya ushauri isiyo ya dharura pale ilipo, kama 111 England au 116117 Ujerumani. Itakuepusha na usiku mrefu kwenye korido za dharura.

Ukipata ankara usiyoielewa, usiitupe kwenye droo. Uingereza, deni la hospitali la pauni 500 au zaidi lililokaa bila mpango wa malipo linaweza kukunyima viza inayofuata. Omba kulipa kidogokidogo, kwa maandishi. Marekani, hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kuwasaidia wasiomudu, lakini lazima uombe. Na kwa aliye na hofu ya karatasi zake: idara za dharura za hospitali karibu zote huko, kwa sheria ya 1986, lazima zimpime mtu na kumtuliza hali yake bila kuangalia uwezo wa kulipa. Ankara itakuja baadaye, na ankara hujadiliwa. Usikae ndani na maumivu ya kifua.

Ile karatasi ya hatua ya kwanza irudieni kila mnapobadilisha kazi, kibali, au idadi ya watu nyumbani, na kabla ya kuingia bima mpya. Ujerumani, kwa mfano, aliye kwenye bima binafsi akifikisha miaka 55 kwa kawaida hawezi tena kurudi kwenye bima ya umma, hivyo uamuzi wa kijana wa miaka 30 anayefurahia mchango mdogo unamfuata hadi uzeeni. Wekeni tarehe kwenye kalenda, mwezi mmoja kabla ya bima kuhuishwa, mketi mezani na ankara zote za mwaka uliopita.